MAMA SEACOLE: MUUZA CHAKULA ALIYEWATUNZA ASKARI

Mwaka huu nimeamua kuwasimulia maisha ya mwanamke mmoja ambaye nilipomtaja darasani, wengi walidhani ninataja jina la meli. Mwanamke huyo aliitwa Mary Seacole. Alifariki zamani, mwaka wa 1881, lakini mimi nimemhitaji mwaka huu kuliko mtu mwingine yeyote. Hebu niwaeleze kwa nini.

Mtakumbuka kwamba muhula wa pili chama chetu kilikuwa na mjadala. Hoja ilisema kwamba mfanyabiashara hawezi kuwa mfadhili. Mimi nilikuwa miongoni mwa wapinzani wa hoja, na tulishindwa vibaya. Watetezi walisema kwamba anayetoza pesa kwa msaada wake hajasaidia, amefanya biashara tu, na ukumbi mzima ukawapigia makofi. Nilirudi kwenye kiti changu bila neno. Nilikuwa nikimfikiria mama yangu mzazi, ambaye ana hoteli ndogo ya mabati kando ya barabara. Hiyo ni hoteli ya chai, mandazi, chapati na maharagwe, wala haina kitanda hata kimoja. Nilijua moyoni kwamba hoja ile si ya kweli, lakini sikuwa na shahidi. Leo nimerudi na shahidi wangu.

Mary alizaliwa mjini Kingston, katika kisiwa cha Jamaika, mwaka wa 1805. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mary Jane Grant. Babake alikuwa Mskoti, askari katika jeshi la Uingereza. Mamake alikuwa Mjamaika mwenye asili ya Kiafrika, na alikuwa mwanamke huru. Neno hilo huru lina uzito, maana wakati huo Jamaika ilikuwa nchi ya watumwa waliomenyeka katika mashamba ya miwa, na utumwa haukukomeshwa kabisa huko mpaka mwaka wa 1838. Mary hakuzaliwa mtumwa, lakini watu wa rangi yake, hata wale waliokuwa huru, hawakuhesabiwa kuwa sawa na Wazungu.

Mamake alikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Blundell Hall. Maofisa wa jeshi na wa manowari walikuja kulala hapo, na wengi wao walikuja wakiwa wagonjwa, kwa sababu homa za visiwa hivyo ziliwamaliza Wazungu kama moto wa nyika. Mama huyo alikuwa pia tabibu. Alijua mitishamba, alijua chakula gani cha kumpa mgonjwa na kipi cha kumnyima, na alijua kwamba usafi na hewa safi ni nusu ya dawa. Kwa hivyo wageni wake walilala, wakala, wakatibiwa, kisha wakalipa. Mary alikua akiona mambo hayo yote yakifanywa na mikono ile ile. Alipokuwa mtoto alimtibu mwanasesere wake kwa kila ugonjwa alioona umeingia nyumbani, na baada ya mwanasesere akahamia kwa mbwa na paka. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa tabibu naye hakuwa mbali.

Alipokuwa msichana alisafiri mpaka London. Huko watoto wa mitaani walimfuata wakimcheka yeye na mwenzake aliyekuwa mweusi kumshinda. Hilo halikumzuia kurudi London mara ya pili, na safari hiyo alibeba achari na matunda ya sukari kutoka Jamaika akayauza. Pia alifika Bahama, Haiti na Kuba. Mnaona basi, tangu ujana wake huyu alikuwa mtu wa biashara.

Mwaka wa 1836 aliolewa na Bwana Edwin Seacole, mtu ambaye afya yake ilikuwa dhaifu. Mwaka wa 1843 moto mkubwa ulizuka Kingston na Blundell Hall ikateketea. Ikajengwa tena. Mwaka wa 1844 mumewe akafariki, na haukupita muda mrefu mamake naye akafariki. Wasomaji, hebu fikirini: nyumba imeungua, mume amekufa, mama amekufa. Wengi tungekaa chini tukalia mpaka machozi yakauke. Mary alilia, kisha akafunga mkaja akaendelea na kazi ya mamake.

Mwaka wa 1850 kipindupindu kiliingia Jamaika kikaua maelfu ya watu, na Mary akaujua ugonjwa huo kwa macho yake. Mwaka uliofuata alikwenda Panama kwa kakake aliyekuwa na hoteli katika mji mdogo wa Cruces. Wakati huo watu wengi walipitia njia hiyo wakikimbilia dhahabu ya California. Hakuwa amekaa sana Cruces kipindupindu kikafika nako. Hapakuwa na daktari wa kutegemewa. Mary ndiye aliyewashughulikia wagonjwa usiku na mchana. Ili kuufahamu ugonjwa, aliwahi kuupasua mwili wa mtoto aliyekufa nao, jambo lililomtia hofu na huzuni nyingi, lakini alitaka kujua adui anayepigana naye yuko wapi. Mwishowe yeye mwenyewe aliugua, akapona.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Huko Cruces, wagonjwa waliokuwa na pesa walimlipa Mary kwa matibabu. Waliokuwa hawana kitu aliwatibu bure. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Pesa za tajiri ndizo zilizonunua dawa ya maskini. Kama watetezi wa hoja wangekuwepo Cruces, sijui wangesimama upande gani!

Pia huko huko alitukanwa huku akisifiwa. Katika karamu moja Mmarekani mmoja alisimama akamshukuru kwa kazi yake, kisha akasema ni huzuni kwamba hakuzaliwa mweupe, na kama kungekuwa na njia ya kumng'arisha wangemng'arisha. Mary aliwajibu papo hapo kwamba hata angekuwa mweusi kuliko alivyokuwa angeridhika na kufurahi, na kwamba heshima ya aina hiyo wakae nayo.

Aliporudi Jamaika mwaka wa 1853 alikuta homa ya manjano inaua watu. Wakuu wa jeshi walimwomba asimamie uuguzi katika kambi ya Up-Park, karibu na Kingston. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu jeshi la Uingereza lililomwita Kingston ndilo hilo hilo lililomfungia mlango London mwaka mmoja baadaye.

Sasa tuje kwenye vita. Vita vya Crimea vilianza mwaka wa 1853 kati ya Urusi na dola la Uturuki. Mwaka wa 1854 Uingereza na Ufaransa zilijiunga upande wa Uturuki, na baadaye ufalme mdogo wa Sardinia. Crimea ni rasi iliyoingia katika Bahari Nyeusi, na mapigano makubwa yalikuwa ya kuuzingira mji wa Sevastopol. Majira ya baridi ya mwaka wa 1854 yaliwakuta askari wa Uingereza katika mahema, bila nguo za kutosha wala chakula cha maana. Waliokufa kwa kipindupindu, kuhara na baridi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Magazeti ya London yaliyaandika hayo na watu wakakasirika. Ndipo Florence Nightingale, yule mama wa taa tunayemsoma tangu shule ya msingi, alipotumwa na kundi la wauguzi kwenda hospitali ya Scutari. Lakini Scutari iko ng'ambo ya Constantinople, mji unaoitwa Istanbul leo. Majeruhi alilazimika kuvushwa Bahari Nyeusi nzima ndipo afike huko.

Mary alikuwa London mwaka huo wa 1854. Aliposikia kwamba baadhi ya vikosi alivyovijua Jamaika viko vitani, aliamua kwenda kuwauguza. Alikuwa na barua za kumsifu na uzoefu wa kipindupindu na homa ya manjano ambao wauguzi wengi wa London hawakuwa nao. Alikwenda Wizara ya Vita, akazungushwa. Akaenda ofisi nyingine, akazungushwa. Akaenda kwa wale waliokuwa wakiwachagua wauguzi wa Nightingale, akaambiwa nafasi zimejaa. Akaenda kwa wasimamizi wa mfuko wa kuwasaidia askari, akaomba wamlipie nauli tu. Nao wakakataa. Jioni moja ya baridi alisimama barabarani machozi yakimtiririka, akijiuliza kama mkono wake ulikataliwa kwa sababu damu iliyo ndani yake inapita chini ya ngozi isiyo nyeupe.

Basi nini afanye? Kama hawamtaki awe muuguzi, hakuna sheria inayomkataza mtu kwenda kufungua hoteli. Alishirikiana na Bwana Thomas Day, jamaa wa marehemu mumewe, wakaunda kampuni ya Seacole na Day. Alichapisha kadi akazituma Crimea mapema kuwaambia maofisa kwamba anakuja kuwafungulia mahali pa kula na pa kupumzikia wagonjwa. Akanunua bidhaa na dawa kwa pesa zake mwenyewe, na mwanzoni mwa mwaka wa 1855 akapanda meli. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Njiani alipita Scutari, akaonana na Nightingale kwa dakika chache, akapewa mahali pa kulala usiku mmoja, asubuhi akaendelea na safari.

Hoteli yake aliijenga mahali alipopaita Spring Hill, karibu na kijiji cha Kadikoi, kwenye njia kati ya bandari ya Balaklava na kambi za askari. Aliijenga kwa mbao zilizookotwa majini, masanduku ya mizigo, mabati, na madirisha na milango iliyochukuliwa kutoka nyumba zilizobomoka. Iligharimu pauni 800. Akaiita British Hotel. Mpishi mashuhuri aliyeitwa Alexis Soyer alipita hapo akamshauri asisumbuke na vitanda, kwa sababu wateja wake wana mahema ya kulala. Auze chakula na vinywaji. Mnaona jambo hilo? Hoteli bila vitanda! Mwingereza msomaji wa leo huenda akashangaa, lakini sisi Wakenya tunaelewa mara moja. Ilikuwa hoteli kama ya mama yangu.

Huko mtu angepata kila kitu, kuanzia sindano, buti na kofia, hadi supu, kuku, keki na kahawa. Mary alijulikana sana kwa pudini ya wali aliyoipika bila maziwa, kwa sababu maziwa hayakupatikana, na wateja waliisifu hivyo hivyo. Alifunga saa mbili usiku. Hakuruhusu kamari. Panya walimla faida, na wezi walimwibia farasi, mbuzi na kuku mpaka akazoea.

Asubuhi, kabla hajaanza kuuza, wagonjwa walikuwa tayari wamesimama mlangoni. Kuna aliyekuja na kidonda, kuna aliyekuja na tumbo la kuhara, kuna aliyekuja na homa. Alitibu wote. Mwenye nacho alilipia dawa, asiye nacho alipewa. Alikwenda pia Balaklava, pale gatini ambapo majeruhi walilazwa wakisubiri meli ya kuwapeleka Scutari. Aliwapa chai na keki, akawafunga vidonda, akawashikia vikombe wale ambao mikono yao haikuweza kushika. Wengi hawakuwa na umri mkubwa kutushinda sana sisi wanafunzi. Walimwita Mama. Maofisa, askari wa kawaida, wote walimwita Mama Seacole.

Siku za mapigano alipanda farasi akiwa na mfuko wa bandeji na dawa na nyumbu waliobeba chakula, akaenda mpaka karibu na mizinga. Alipenda kuvaa nguo za rangi kali, manjano na buluu na utepe mwekundu, kwa hivyo alionekana kutoka mbali. Siku moja ya Juni mwaka wa 1855 kombora lilianguka karibu naye akajitupa chini, akateguka kidole gumba kisipone vizuri tena maishani. Mwezi wa Agosti, baada ya vita vya mto Tchernaya, aliwahudumia Wafaransa, Wasardinia na hata Warusi, yaani maadui. Mrusi mmoja alikuwa amepigwa risasi ya taya. Mary alitia kidole kinywani mwake aitafute risasi, na yule mtu alipokuwa akikata roho meno yakakiuma kidole kile. Kovu lake lilibaki. Septemba, Sevastopol ulipoanguka, yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuingia humo kutoka upande wa Waingereza, akiwa na chakula cha kuwapa askari waliochoka.

Lakini sehemu iliyonigusa mimi zaidi si ya mizinga. Ni ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1855. Sevastopol ulikuwa umeanguka, lakini amani ilikuwa haijatiwa sahihi, na askari hawakuruhusiwa kurudi kwao. Walikuwa wamekaa tu katika baridi, wakisubiri. Wale wasiojua jeshi wanadhani askari huumia wakati wa kupigana peke yake. Mimi nina mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye ni askari wa Kenya na aliwahi kupitisha Krismasi mbili Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia Oktoba mwaka wa 2011. Alituambia kwamba siku ndefu kuliko zote ni siku ya sikukuu, kwa sababu hiyo ndiyo siku kila mtu anajua kwa hakika watu wa kwao wanafanya nini saa hiyo: saa hii wametoka kanisani, saa hii mbuzi anachunwa, saa hii watoto wamevaa nguo mpya. Nyumbani nako nyama ilipowekwa mezani nyanya alimtaja, na mama akaondoka akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Krismasi ya Mwingereza haikuwa Krismasi bila pudini yake maalumu ya matunda makavu, na vimikate vitamu vilivyojazwa matunda ndani. Hivyo mwezi wa Desemba ulipofika, maombi yalianza kumiminika Spring Hill kutoka kila kambi. Kila mtu alitaka pudini ya Mama Seacole. Basi akapika. Alipika tangu mapema mpaka usiku, mikono imejaa unga, na wateja wakizidi kuja. Fikirini moto wa kuni, theluji nje, na mwanamke wa Jamaika akiwapikia watu chakula cha sikukuu cha kwao. Maofisa waliokuwa wakicheza michezo ya kuigiza kambini kujichangamsha walimwazima magauni kwa wale waliocheza kama wanawake, naye akawapa.

Na wagonjwa hakuwasahau. Mwaka Mpya ulipofika, alibeba vyakula vya sikukuu akawapelekea wagonjwa waliolazwa katika hospitali ya jeshi, ili nao waonje ladha ya nyumbani. Hao hawakuwa wameagiza kitu, wala hawakulipa. Wale wenye pesa walinunua Krismasi yao, na wasio na uwezo wa kutoka kitandani walipelekewa yao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa nije kwenye machungu. Tarehe 30 Machi mwaka wa 1856 mkataba wa amani ulitiwa sahihi mjini Paris. Wote walishangilia, na Mama Seacole pia. Lakini ghala lake lilikuwa limejaa bidhaa alizonunua kwa bei ya juu akitarajia askari watakaa. Vikosi vilianza kuondoka kimoja baada ya kingine. Wengine waliondoka na madeni yake. Vitu vilivyobaki viliuzwa kwa bei ya kutupa. Alirudi Uingereza mfuko ukiwa mtupu, na mwezi wa Novemba mwaka wa 1856 mahakama ya London ikamtangaza kuwa amefilisika.

Hapa nitasema jambo la kwetu, na naomba mama anisamehe. Miaka michache iliyopita palikuwa na wajenzi wa barabara karibu na kwetu. Walikula kwa mama kila siku, na mama akaandika kila sahani katika daftari, kwa sababu walisema mshahara umechelewa. Mmoja wao alipougua malaria, mama alimpelekea uji mahali alipolala siku nne, na uji huo hakuuandika. Kisha kazi ikaisha, lori likaja alfajiri likawabeba wote. Daftari lilibaki. Muhula uliofuata nilikaa nyumbani wiki tatu kwa ajili ya karo. Nilikasirika. Nilimwambia mama kwamba alifanya ujinga. Yeye aliniambia tu kwamba mtu mwenye njaa hawezi kungoja mshahara. Siku ile sikumwelewa.

Turudi kwa Mary. Askari hawakumsahau kabisa. Mwandishi wa gazeti la The Times, William Howard Russell, aliyekuwa amemwona kazini kule vitani, aliwakumbusha Waingereza juu yake. Mwezi wa Julai mwaka wa 1857 palifanywa tamasha kubwa la siku nne katika bustani ya Royal Surrey Gardens, bendi za jeshi zikapiga, na maelfu ya watu wakahudhuria na kumshangilia. Lakini kampuni iliyosimamia bustani ile nayo ilifilisika, na Mary akaambulia pauni 57 tu. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha maisha yake, nacho kikanunuliwa vizuri. Mwaka wa 1867 mfuko wa pili ulianzishwa, na Malkia Victoria mwenyewe akauunga mkono. Baada ya hapo Mary hakuishi tena kwa shida. Alifariki London tarehe 14 Mei mwaka wa 1881 akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Kensal Green.

Kisha dunia ikamsahau kwa karibu miaka 100. Kaburi lake liliota majani mpaka mwaka wa 1973, wauguzi na watu wa Jamaika walipolitengeneza. Kitabu chake kilichapishwa upya mwaka wa 1984. Mwaka wa 2004 Waingereza walipopiga kura ya kumchagua Mwingereza mweusi mashuhuri kuliko wote, yeye ndiye aliyeshinda. Na mwaka wa 2016 sanamu yake ilisimamishwa mbele ya hospitali ya St Thomas' mjini London, ikitazama upande wa Bunge.

Sitaki kumfanya malaika. Wapo wanahistoria walioipinga sanamu ile, wakisema Mary hakuwa muuguzi kama Nightingale, alikuwa muuza chakula na pombe kwa maofisa. Nightingale mwenyewe aliwahi kuandika kwa siri katika barua kwamba Mary alikuwa na huruma kwa askari na aliwafanyia mema, lakini pia kwamba wengi walilewa kwake. Ni kweli aliuza pombe. Ni kweli alitaka faida. Na Nightingale aliacha kazi kubwa ya kufundisha wauguzi na kusafisha hospitali, ambayo Mary hakuifanya. Kila mmoja apewe haki yake.

Lakini ninawauliza watetezi wa ile hoja: je, yule kijana aliyelazwa gatini Balaklava na kushikiwa kikombe cha chai, alijali kama aliyemshikia ana duka? Wale waliokuwa na ofisi na vyeo vya kusaidia ndio waliomfungia mlango. Yeye alipita mlango wa biashara kwa sababu huo ndio uliokuwa wazi. Faida ilimfikisha vitani, na huruma ndiyo iliyomfilisi. Angekuwa mfanyabiashara mtupu angerudi tajiri.

Mama yangu alianza tena na jiko moja na sufuria mbili. Daftari jipya lipo, na majina yamo. Likizo iliyopita nilimsaidia kukanda chapati za Krismasi tangu saa kumi alfajiri, kwa ajili ya walinzi wa usiku na madereva ambao hawangefika kwao sikukuu hiyo. Wengine walilipa, wengine waliandikwa. Kuna mlinzi mmoja mzee ambaye mama alimfungia mbili ndani ya gazeti, na nilipochukua kalamu akanitazama tu. Niliiweka kalamu chini.

Wenzangu, huyo ndiye shahidi wangu. Chama kikiruhusu, naomba mjadala ule urudiwe muhula ujao. Na kama kuna msomaji ambaye jina lake limo katika daftari la mama fulani mahali fulani, hata kama ni kwa chai na andazi moja, nakumbusha kwa upole kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Ni mimi mwanachama wenu,
Kidato cha Tatu.